Kazi ya Mtu Mmoja

Kitabu kiliingia nyumbani Jumamosi mchana, ndani ya mfuko mmoja na sabuni ya kufulia na dawa ya macho. Binti, ambaye alikuwa muuguzi na ndiyo kwanza ametoka zamu, alikiweka mezani mbele ya baba yake bila kusema neno, kisha akakumbuka kwamba baba yake haoni.

"Baba, nimekuletea kitu. Lakini usikasirike."

"Mtu akianza hivyo, ujue kishanikasirisha," alisema Mwalimu. Akanyoosha mikono, akakipapasa. Akapima unene wake kwa vidole viwili, akakifungua, akakinusa. "Kipya hiki. Cha nini?"

Binti alisoma jalada polepole. "Utangulizi wa Falsafa ya Kijerumani ya Zama Mpya: Matini Teule. Kimefasiriwa na kuhaririwa na..." Akalitaja jina la Profesa, Mkuu wa Idara, pamoja na vyeo vyake vyote, maana vyote vilikuwa pale.

Mama Chapa, mke wa Mwalimu, alikuwa kwenye kochi anakunja nguo. Shati aliloshika likabaki hewani.

"Soma ndani," alisema Mwalimu.

"Wapi?"

"Popote."

Binti akafungua katikati. "'Bwana anataka mtumwa amtambue, ndipo ajijue kuwa ni bwana. Lakini kutambuliwa na mtu ambaye wewe mwenyewe humhesabu kuwa mtu...'"

"'...ni kutambuliwa na kiti,'" aliendelea Mwalimu. "'Mtumwa naye, kwa kuwa mikono yake ndiyo inayokifinyanga kitu, siku moja hujiona ndani ya kitu kile, akashangaa kwamba kumbe yupo.'"

Binti alikuwa akifuata kwa kidole. Halikupungua neno wala halikuzidi. Akafungua kurasa mia mbele, akaanza sentensi nyingine, na baba yake akaimaliza. Akarudi nyuma, ikawa vilevile. Mara ya nne Binti alifunga kitabu.

"Mwizi mkubwa," alisema Mama Chapa.

"Taratibu," alisema Mwalimu.

"Taratibu ya nini? Miaka kumi na mmoja, Mwalimu!"

Ilikuwa kumi na mmoja kweli. Mwalimu alikipata Kijerumani ujanani kwa ufadhili wa masomo, akarudi nacho nyumbani kikamkalia bure kama suti isiyo na harusi, mpaka chuo kilipomwajiri kwa mkataba afundishe somo lile. Wanafunzi hawakuwa na kitu cha kusoma. Akaamua kuwafasiria matini zenyewe, moja baada ya nyingine. Lakini presha ya macho ilikuwa imeshaanza kazi yake, kalamu ikawa haifuati mstari, ndipo mkewe akakaa kwenye mashine. Mwalimu alisema, yeye akachapa. Miaka ya mwisho hata vile vitabu vya Kijerumani ilibidi mkewe amsomee, lugha asiyoijua, herufi kwa herufi, mpaka Mwalimu ashike neno. Baada ya hapo ilikuja kazi ya kulitafutia neno hilo Kiswahili chake, na hapo ndipo walipokuwa wakigombana mpaka chai ipoe.

Wale wanafalsafa Mama Chapa aliwaita wakwe zake, kwa sababu, alisema, hakuwachagua, walikuja na mume, na hawakujua saa ya kuondoka. Kulikuwa na Mkwe wa Wajibu, aliyetaka kila mtu atende kana kwamba tendo lake ni sheria ya dunia nzima. Kulikuwa na Mkwe wa Bwana na Mtumwa, mwenye sentensi ndefu kuliko foleni ya maji. Mkwe wa Madevu aliwasemea wafanyakazi, na Mama Chapa alimpenda huyo. Mkwe wa Masharubu alitukana watu wote na mwisho akawahurumia. Miaka mitatu nyuma kazi ilikwisha. Mwalimu akampelekea Profesa kwenye flashi aipitie. Profesa alisema ataipitia, mkataba wa Mwalimu ukaisha, haukuhuishwa, na habari ya flashi ikafa hapo.

"Jumatatu tunakwenda," alisema Mama Chapa.

"Kwenda kusema nini? Wazo halina mwenyewe, mke wangu. Hao wakwe zako wamekufa siku nyingi, na hakuna hata mmoja anayedai."

"Wadai nini? Majina yao si yapo kwenye kitabu!"

*

Jumapili Binti alisoma tangu asubuhi, baba kwenye kiti chake, mama mlangoni akijifanya anachambua mchele. Kila ukurasa ulimwongezea Mama Chapa hasira na kumpunguzia Mwalimu kimo. Walipofika kwa Mkwe wa Wajibu, Binti alisoma:

"'Mtu huru ni yule anayeitii sheria aliyojiwekea mwenyewe kwa akili yake, funga dirisha hilo mvua inaingia, wala si kwa kuogopa fimbo au kutamani tuzo.'"

Akarudia kimoyomoyo. "Baba, dirisha limeingiaje hapa?"

Mama Chapa alishika mdomo. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na kule alifundishwa jambo moja: kinachosemwa kinachapwa. Shahidi akipiga chafya, andika amepiga chafya. Si kazi yako kuchagua. Mwaka ule wa mvua nyingi Mwalimu alimwambia afunge dirisha, vidole vyake vikachapa, kisha akainuka akalifunga, akarudi wakaendelea. Mwalimu asingeweza kuipitia karatasi kwa macho yale, na yeye hakuwa na tabia ya kurudia alichochapa.

"Ngoja, kuna maelezo chini," alisema Binti. "'Hapa mwanafalsafa anatumia istiari nzito. Dirisha ni akili inayojilinda. Mvua ni mafuriko ya hisi yanayotishia uhuru wa mtu.'"

Walicheka. Mwalimu alicheka mpaka akaangusha miwani yake myeusi, Binti akachuchumaa kuitafuta chini ya meza huku naye anacheka, na mchele ukamwagika. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko cha namna ile tangu macho ya Mwalimu yalipozima. Kisha Mama Chapa akawa wa kwanza kunyamaza.

"Kaiba mpaka mvua yetu," alisema. "Hata kukisoma hakukisoma. Mtu akikuibia chakula akala, utasema alikuwa na njaa. Huyu kaiba hata hakula."

Mwalimu akapokea miwani, akaivaa. "Basi Jumatatu," alisema.

*

Getini, mlinzi alitaka kitambulisho. Hakuwa yule aliyekuwa akimpigia Mwalimu saluti kwa miaka kumi na mmoja; alikuwa mwingine, wa kampuni nyingine.

"Huyu amefundisha hapa," alisema Mama Chapa.

"Sikatai, mama. Kitambulisho."

Kilikuwa kimekwisha muda. Waliandikishwa kwenye daftari la wageni, na penye sababu ya ziara mlinzi akaandika "binafsi" bila kuuliza. Juu, sekretari wa idara aliwaonyesha benchi la korido, lile la wanafunzi wanaosubiri kuonywa. Walikaa saa mbili kasoro. Wanafunzi walipita, wawili kati yao wamekumbatia kitabu kile kile, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba Profesa ni kichwa, kusema kweli. Mama Chapa alitaka kuinuka. Mwalimu akamshika kiganja.

Profesa alipotoka alipanua mikono. "Shikamoo Mwalimu wangu! Mbona hukunipigia? Ningetuma gari! Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Mwalimu. Mama Chapa hakuitikia. Profesa akaagiza chai, akawaketisha kwenye viti vya ngozi ambavyo ukikaa unazama mpaka unaonekana unaomba kitu.

"Nilikuwa nije mwenyewe nyumbani niwaletee nakala," alisema.

"Nakala tumenunua," alisema Mama Chapa.

Profesa alikohoa. Akaeleza. Rasimu ya Mwalimu ilikuwa msingi mzuri, hakuna anayekataa, lakini msingi si nyumba. Kulikuwa na uhariri, utangulizi, tanbihi, wachapishaji na masharti yao. Mchapishaji alitaka jina linalojulikana. Hata hivyo yeye si mtu asiye na fadhila. Katika chapa ya pili angeweka ukurasa mzima wa shukrani, na Mwalimu atatajwa wa kwanza.

"Shukrani si jina," alisema Mwalimu. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Mtu aliyebeba kitabu mgongoni miaka kumi na mmoja hashukuriwi. Unaandika kwamba ndiye aliyekibeba. Umenitumia kama chombo, bwana mdogo, na chombo ukakifuta vumbi ukakirudisha kabatini."

Mama Chapa alimtazama mumewe kwa fahari ambayo hakuwa nayo muda mrefu. Akafungua kitabu penye dirisha, akasoma kwa sauti, pamoja na maelezo ya chini.

"Hilo ni suala la kihariri," alisema Profesa, lakini shingo yake ilikuwa imeanza kulowa.

"Ni suala la dirisha la sebuleni kwangu, Profesa. Bawaba yake mbovu mpaka leo, njoo ulione. Nimekaa mahakamani miaka ishirini na sita. Nimechapa hukumu za wezi wa kuku na wezi wa mabenki. Sijapata kuchapa ya mwizi aliyeacha ushahidi peupe, akauwekea na maelezo chini."

Profesa aliinuka akafunga mlango. Aliporudi alikuwa amekuwa mtu mwingine, mtu wa kazi. Alisema haina haja ya kufika mbali. Chapa ya pili inakwenda kiwandani Ijumaa. Jina la Mwalimu litawekwa juu kama mfasiri, lake litashuka chini kama mhariri. Sentensi ya dirisha itaondolewa. Kinachohitajika ni tamko moja lililotiwa sahihi, linalosema nani aliifanya kazi ile, ili mchapishaji alihifadhi.

Mwalimu aliegemea nyuma. Uso wake ulikuwa umefunguka. Walikuwa wameshinda, na lau wangeinuka dakika ile ile wakaenda zao, hadithi hii ingekuwa ya furaha. Lakini Profesa alikuwa mtu aliyekwishazoea kupata kitu katika kila anachotoa.

"Na haki yako uipate, Mwalimu," alisema. "Maana lile neno 'ugeni wa kazi', pale kwa wafanyakazi, wahakiki wote wamelisifu. Hilo hata mimi nisingelipata. Ulilipataje?"

Mwalimu akakohoa kidogo. "Lilinichukua siku tatu," alisema.

Mama Chapa aligeuza shingo polepole.

Siku tatu zilikuwa za kweli. Katika siku hizo tatu Mwalimu alitoa maneno kumi na manne, yote yameganda, na siku ya tatu mkewe ndiye aliyeachia mashine akasema: mimi hapa nachapa hukumu kurasa sitini, kesho yake nikitaka kuliona jalada la kesi naambiwa mpiga chapa haruhusiwi. Kazi yangu mwenyewe inaniuliza wewe nani. Nakuwa mgeni kwake. Mwalimu aliruka kitini siku ile, akambusu paji la uso, akapiga kelele kwamba limepatikana. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha ngozi, na mkewe alimsubiri aseme. Alisubiri muda wa kutosha kabisa. Mwalimu akasema chai ni nzuri.

Labda Profesa aliiona shingo ile ikigeuka. Alivuta droo, akatoa karatasi. "Hata dibaji yako ninayo, ile niliyoiondoa. Tutairudisha kama ilivyo. Sikiliza, Mwalimu, uone kama bado unairidhia." Akasoma kwa sauti nzuri ya darasani: "'Kazi hii nimeifanya peke yangu, kwa macho yanayozima, bila msaidizi wa aina yoyote. Kila neno humu nimelitafuta mwenyewe gizani.'" Akaweka karatasi chini, akamgeukia Mama Chapa kwa upole mkubwa. "Nawe mama sikukuona humu. Nikadhani umemsindikiza tu."

"Hiyo sikuichapa mimi," alisema Mama Chapa. Sauti haikuwa yake.

Sekretari alikuwa amekuja kuchukua vikombe. Alikuwa msichana mwema, hakujua amesimama wapi. "Niliichapa mimi, mama," alisema. "Siku ile Mwalimu alipoleta flashi. Alinitamkia hapo hapo nje."

*

Hasira haikumfanya Mama Chapa auachie mkono wa mumewe. Mitaro ya barabara ile ilikuwa wazi, na kila penye shimo alisema "shimo" na kila penye ngazi akasema "ngazi", na zaidi ya hayo hakusema kitu mpaka walipofika penye kivuli cha ukuta wa stoo, akasimama.

"Kwa nini kwa sekretari?"

Mwalimu alijua anaulizwa nini. "Ilikuwa karibu."

"Kurasa mia sita nilichapa mimi, ukurasa mmoja ndio ukawa karibu."

"Nisikilize..."

"Uliona haya kunitamkia. Kwa hiyo ulijua."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ningeandika nini? Kwamba falsafa ya Wajerumani imefasiriwa na mpiga chapa wa mahakama? Wale watu unawajua. Wangeicheka kabla hawajaifungua. Nilikulinda."

"Ulinilinda na nini? Na jina langu?"

Muuza maji alipita na mkokoteni, wakampisha. Mama Chapa alikuwa analia, na alikasirika kwamba analia, akajifuta kwa nguvu kama anayejipiga. "Lile la mtu asifanywe chombo, umenichapisha mara nne kwa sababu hujaridhika nalo. Mara nne, Mwalimu. Na leo umelisema vizuri kweli kweli, hata mimi nikajivuna. Ulikuwa unamsemea nani?"

"Usilinganishe. Yule kaiba."

"Haya. Yule kakuibia wewe, tumetoka wawili kumdai. Mimi nimeibiwa na nani, na nitoke na nani?"

Mtu anaweza kufundisha jambo miaka kumi na mmoja bila kulisikia hata siku moja. Huu si upofu wa macho, na hauna dawa ya matone. Mwalimu alisimama pale penye ukuta wa stoo, mtu mwema, aliyempenda mkewe, asiyepata hata kumwinulia sauti, na hakuelewa. Alichoelewa ni kwamba jina lake limerudi na kuna mtu anataka kuligawa.

*

Sharti la Mama Chapa lilikuwa moja na halikubadilika tangu Jumatatu hadi Alhamisi: tamko liwe na majina mawili. Hakutaka la kwake litangulie. Hakutaka herufi kubwa.

Jumanne Mwalimu alikuja na suluhu. "Nitaongeza ukurasa wa shukrani," alisema. "Nitaandika, namshukuru mke wangu mpenzi kwa uvumilivu wake wa miaka yote."

Binti alikuwa anapiga pasi sare yake. Akaweka pasi chini. "Baba, hicho si ndicho alichokupa Profesa jana ukakikataa?"

"Ni tofauti."

"Tofauti iko wapi?"

"Wewe huwezi kuelewa. Yeye ni mke wangu."

"Nyani haoni kundule," alisema Mama Chapa kutoka jikoni, na akabamiza sufuria.

Jumatano hawakusemezana. Mwalimu alitafuta sukari mezani peke yake, akashika chumvi, akaitia kwenye chai, akanywa hivyo hivyo. Binti alijaribu mara moja kusema na mama yake: je, si bora jina la baba litoke kwanza, kuliko la Profesa kubaki? Ushindi nusu si bora kuliko kushindwa? Mama yake alimjibu kwamba hata yeye amekuwa akijiambia hivyo kwa miaka ishirini na sita mahakamani, na matokeo yake ndiyo haya.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana alikaa kwenye mashine, akachapa tamko lenyewe, akaliweka mbele ya Mwalimu na kalamu pembeni. Akalisoma kwa sauti. Lilikuwa sentensi tatu. Sisi wawili tuliotia sahihi hapa chini, mume na mke, tumeifasiri kazi hii pamoja kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Mume ndiye aliyejua Kijerumani. Maneno ya Kiswahili tuliyatafuta wote.

"Kuna uongo hapo?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi." Alikichukua kidole cha shahada cha mumewe akakiweka penye mstari.

Mwalimu alishika kalamu. Kidole kilibaki pale muda mrefu. Binti, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, alifikiri atasaini; aliapa baadaye kwamba ncha ya kalamu ilikwishagusa karatasi.

"Unajua watasema nini?" alisema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevuliwa nguo. "Watasema kipofu yule hakufanya kitu. Watasema mke ndiye aliyefanya, mume katiwa jina kwa huruma. Hakuna atakayeamini nusu. Mimi sina kitu kingine. Sioni, sina kazi, naongozwa njiani kama mbuzi. Kitabu hiki ndicho mimi. Mwachie mtu kitu kimoja."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma Mama Chapa kwa sababu ilikuwa kweli. Akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Na mimi nina nini kingine?" alimuuliza taratibu. "Nitajie."

Mwalimu alifikiri. Alifikiri kwa dhati, mtu aliyezoea kufikiri. Kisha akaweka kalamu chini.

Ijumaa asubuhi gari la chuo lilisimama mlangoni. Profesa alikuwa amelituma, na dereva alishuka akamfungulia Mwalimu mlango. Mwalimu alikuwa amevaa koti alilokuwa akifundishia. Mama Chapa alikuwa kibarazani, na alipomwona mumewe anapapasa ukingo wa mlango wa gari kwa fimbo, mguu wake ulitaka kwenda. Akauzuia. Dereva alimshika Mwalimu kiwiko, akamwingiza. Kule ofisini sekretari alichapa tamko la watu wa Idara, la jina moja, akamwonyesha pa kuweka sahihi, na Profesa akampa mkono, wakanywa chai ile nzuri.

*

Chapa ya pili ilifika baada ya miezi miwili, nakala kumi ndani ya boksi, na dereva yule yule ndiye aliyelileta. Binti alikuwa kazini. Ndani ya miezi hiyo miwili chakula kilipikwa, nguo zikafuliwa, matone ya dawa yakatiwa machoni asubuhi na jioni bila kukosa hata mara moja. Majirani wasingejua kitu. Wageni wawili walikuja kumpongeza Mwalimu, na Mama Chapa akawapa viti.

Mwalimu alikata gundi ya boksi kwa ukucha. Akatoa nakala moja, akaipima unene, akainusa. "Mama," aliita. "Njoo unisomee jalada."

Alikuja. Akasimama mbele yake, akasoma. Alilisoma jina la Mwalimu vizuri, kwa sauti ile ya mahakamani isiyopandisha wala kushusha, na la Profesa chini yake, mhariri. Mwalimu alifumba macho, jambo alilokuwa akilifanya bado alipofurahi.

"Rudia."

Akarudia.

"Sasa nisomee ndani. Anzia kwenye dibaji."

Mama Chapa alikifungua. Dibaji ilikuwa pale, ukurasa wa tano, na neno lile, 'peke yangu', lilikuwa mstari wa kwanza. Alilitazama. Kisha akakifunga kitabu, akakirudisha mikononi mwa mumewe, akahakikisha amekishika sawasawa ili kisianguke.

"Umekiandika peke yako," alisema. "Kisome peke yako."

Mwalimu alicheka kidogo, akidhani ni utani, akasubiri. Nje mtu alikuwa anapigilia msumari. "Mama?" aliita. Hakujibiwa, lakini mkewe hakuwa ameondoka. Alimsikia akipumua, hatua mbili tu kutoka pale. Akaita tena. Kisha akafungua kitabu mwenyewe, akatafuta mahali ambapo maneno huanza, akapitisha vidole juu ya karatasi, na karatasi ilikuwa laini kotekote.